Jina la Pili Kwenye Karatasi ya Kura

Zilikuwa zimebaki siku nne Watanzania wapige kura. Ilikuwa Oktoba 2005, kampeni za lala salama zimepamba moto, misafara ya wagombea inapishana barabarani na helikopta ya Chadema inatua wilaya hadi wilaya. Ndipo ikaja taarifa kwamba Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe, mgombea urais wa chama hicho, amefariki dunia. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikasimamisha kila kitu. Upigaji kura uliopangwa kufanyika Oktoba 30 ukasogezwa mbele hadi Desemba 14. Zanzibar peke yake iliendelea kumchagua rais wake na wawakilishi wake siku ile ile ya awali. Chadema ikamteua Anna Komu kuziba pengo, na hatimaye Jakaya Kikwete wa CCM akaibuka mshindi kwa asilimia 80 ya kura.

Kwa mpiga kura wa Tandahimba au Kasulu, ambaye huenda hakuwahi kumwona marehemu jukwaani, kuahirisha uchaguzi wa nchi nzima kwa ajili ya mgombea mwenza kungeweza kuonekana kama kukuza mambo. Sheria iliona vingine, na iliona sawasawa. Tangu mwaka 1995 Mtanzania anapoweka alama ya vema kwenye karatasi ya Rais, anachagua watu wawili kwa mkupuo. Hawezi kumchukua mmoja akamwacha mwenzake. Haikupita miaka 16 tangu msiba ule, nchi ikawa mikononi mwa mtu aliyeingia Ikulu kama jina la pili kwenye karatasi hiyo.

Hata hivyo nafasi hiyo ya pili ndiyo isiyo na ushindani, isiyo na mchakato unaoonekana, na isiyojadiliwa na yeyote mpaka pale inapokuwa ndiyo ya kwanza. Hilo ni kosa la muda mrefu, na ushahidi wake umo ndani ya historia ya nchi yenyewe.

Tanganyika ilimchagua Rais kwa mara ya kwanza Novemba 1962. Julius Nyerere wa TANU alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC akaambulia kama elfu 21. Makamu hakuwemo kwenye karatasi. Jamhuri ilipozaliwa Desemba 9 mwaka huo, Nyerere alimteua Rashidi Kawawa, ambaye alikuwa ameshika uwaziri mkuu tangu Januari baada ya Mwalimu kujiuzulu wadhifa huo ili akijenge chama. Nani awe wa pili lilikuwa suala la Rais na wenzake.

Muungano ulibadilisha uzito wa cheo hicho. Aprili 26, 1964, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na Kawawa akawa Makamu wa Pili. Karume hakuwa msaidizi wa mtu. Alikaa kwenye kiti kile kwa sababu alikuwa mkuu wa nchi iliyokubali kuungana, na bila kiti hicho ni vigumu kuona makubaliano yale yangesimama juu ya nini. Lakini kura haikuwepo hapo pia: alishika urais wa Zanzibar kwa Mapinduzi, na Wazanzibari hawakumpigia kura rais wao hadi mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka 15, mtu wa pili kwa madaraka nchini alitoka kwenye nafasi ambayo hakuna raia aliyeulizwa juu yake.

Raia aliulizwa mengine. Katika mfumo wa chama kimoja ulioanza na uchaguzi wa 1965, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea ubunge wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague bila kushikwa mkono. Ushindani ulikuwa wa kweli kiasi kwamba Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Karatasi ya urais ilikuwa na jina moja, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Mkulima aliyeweza kumng'oa waziri hakuwa na la kusema kuhusu makamu.

Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na Aboud Jumbe akarithi vyeo vyake vyote, ule wa Zanzibar na ule wa Muungano. Miaka 12 baadaye Jumbe aliondoka kwa namna inayostahili kukumbukwa kila mara Watanzania wanapozungumzia umakamu. Januari 1984, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Dodoma. Hali ya kisiasa Zanzibar ilisemwa kuwa imechafuka, na Jumbe alikuwa akitafuta njia ya kuhoji muundo wa serikali mbili. Alitoka kwenye kikao kile akiwa si Rais wa Zanzibar, si Makamu wa Rais wa Muungano, wala si Makamu Mwenyekiti wa chama. Rais aliyepigiwa kura na Wazanzibari mwaka 1980 aling'olewa na kikao cha chama, na hakuna mpiga kura, wa Unguja, Pemba wala bara, aliyehusishwa.

Aliyemrithi ni Ali Hassan Mwinyi. Mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka, na Oktoba 1985 Mzee Mwinyi akapigiwa kura za ndiyo zilizozidi asilimia 90. Mtu ambaye mwishoni mwa 1983 wachache wangemtaja kuwa rais ajaye alikuwa Ikulu kabla 1985 haijaisha, na kilichomfikisha huko ni nafasi iliyopatikana ghafla kwenye kiti cha pili.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Tanzania imekuwa na marais sita. Wawili kati yao, Mwinyi na Samia Suluhu Hassan, wametoka kwenye umakamu moja kwa moja. Wote wawili ni Wazanzibari, na hakuna Mzanzibari mwingine aliyewahi kuiongoza Jamhuri ya Muungano. Kwa maneno mengine, upande mmoja wa Muungano haujawahi kutoa Rais ila kwa kupitia kiti cha pili. Nafasi yenye uzito wa namna hiyo haiwezi kuendelea kutazamwa kama pambo la mabango ya kampeni.

Kisha vikaja vyama vingi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipeleka mapendekezo, na kuanzia Julai 1992 CCM haikuwa tena chama pekee. Wanasheria wakagundua tatizo ambalo mfumo wa zamani haukuwa na sababu ya kulifikiria. Ikiwa Rais wa Zanzibar ni makamu kwa wadhifa wake, na ikiwa Zanzibar inaweza kumchagua mtu wa chama kingine, basi ipo siku Rais wa Muungano atakuwa na makamu anayetoka chama kinachompinga. Mabadiliko ya 11 ya Katiba, mwaka 1994, yakaleta mfumo wa mgombea mwenza. Wawili hao lazima watoke chama kimoja. Akitoka mmoja bara, mwingine atoke Zanzibar. Rais wa Zanzibar akaachwa na nafasi ya mjumbe katika Baraza la Mawaziri la Muungano.

Hofu ile haikuwa ya kufikirika. Mwaka uliofuata Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Kama kura chache tu zingeenda upande wa pili, chini ya utaratibu wa zamani, Rais Benjamin Mkapa wa CCM angekuwa na Maalim Seif kama makamu wake. CUF haikuyakubali matokeo yale, na jeraha la uchaguzi huo halikupona haraka.

Dawa ya mgombea mwenza si ya Tanzania peke yake. Wamarekani, walioanza na utaratibu ambapo anayeshika nafasi ya pili kwa kura ndiye anayekuwa makamu, walijikuta mwaka 1797 Rais John Adams akiwa na makamu ambaye yeye mwenyewe alimshinda uchaguzini na aliyetoka kundi jingine la siasa, Thomas Jefferson. Mwaka 1800 Jefferson na Aaron Burr, waliosimama pamoja, wakafungana kwa kura 73 kila mmoja, na Bunge likapiga kura mara 36 kabla ya kumpata Rais. Marekebisho ya 12 ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1804, yakatenganisha kura ya Rais na ya makamu. Utulivu ulipatikana, lakini umakamu ukageuka karata ya vyama kuvutia jimbo fulani au kundi fulani. Mwaka 1841 Rais William Henry Harrison alifariki akiwa na mwezi mmoja tu madarakani. Makamu wake John Tyler, aliyewekwa ili kuvutia kura za majimbo ya kusini, akaanza kupiga kura za turufu dhidi ya miswada ya chama kilichomweka, na chama hicho kikamfukuza.

Tanzania ilichukua dawa ile pamoja na madhara yake. Utulivu upo. Rais na makamu hawajawahi kurushiana maneno hadharani. Lakini mlango wa kumpata huyo wa pili umefungwa kwa ndani.

Mwaka 2015 unaonyesha hali hiyo vizuri kuliko mwingine wowote. Ndani ya CCM, makada zaidi ya 35 walichukua na kurudisha fomu za kuwania urais. Walizunguka mikoani kutafuta wadhamini, wakahojiwa na waandishi, wakachambuliwa kwenye vijiwe vya kahawa kutoka Kariakoo hadi Darajani. Kamati Kuu ikakata majina hadi yakabaki matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Mkutano Mkuu ukapiga kura, Magufuli akashinda. Wiki nzima nchi haikulala vizuri kwa kufuatilia Dodoma.

Kisha likatajwa jina la mgombea mwenza: Samia Suluhu Hassan. Hakukuwa na fomu. Hakukuwa na wadhamini, wala mpinzani, wala swali kutoka kwa mwandishi hata mmoja kabla ya siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyejua nani wa kuulizwa. Samia hakuwa mgeni: alikuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Muungano, na mwaka 2014 aliongoza vikao vya Bunge Maalumu la Katiba akiwa Makamu Mwenyekiti chini ya Samuel Sitta. Sifa alikuwa nazo. Kilichokosekana ni nafasi ya wananchi kuzipima sifa hizo kabla, kama walivyopima za wale wengine.

Upande wa pili mambo hayakuwa tofauti. Vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani, vilipomsimamisha Edward Lowassa kuwania urais, vilitaka mgombea mwenza atoke CUF, chama chenye nguvu Zanzibar. Katiba hairuhusu wagombea wa vyama viwili kusimama pamoja, hivyo Juma Duni Haji, mwanasiasa mkongwe wa CUF, alilazimika kuhamia Chadema ili jina lake liingie kwenye karatasi. Makubaliano hayo yalifanyika mezani kwa viongozi. Wanachama wa kawaida walipewa taarifa.

Miaka sita baadaye gharama ya ukimya huo ikaonekana. Machi 2021 Rais Magufuli hakuwa ameonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili. Samia alikuwa ziarani mkoani Tanga. Usiku wa Machi 17, taifa likamwona kwenye televisheni akitangaza kwamba Rais amefariki dunia. Machi 19 akala kiapo mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma, na nchi nzima ikaanza kuulizana: huyu mama ni nani hasa, anaamini nini, ataishughulikiaje korona, atawafanya nini wale waliofungwa na waliokimbia? Ni maswali ya halali kabisa. Yalipaswa kuulizwa Julai 2015.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka zaidi. Kwa mujibu wa ibara ya 37, Rais mpya anashauriana na chama chake, kisha anapeleka jina la makamu bungeni. Machi 30 bahasha ilifikishwa kwa Spika Job Ndugai, ikafunguliwa mbele ya wabunge, na jina likasomwa: Philip Mpango, Waziri wa Fedha, ambaye alikuwa ameketi humo humo ukumbini. Kura zikapigwa siku hiyo hiyo. Zote 363 zilisema ndiyo. Kesho yake akaapishwa. Wabunge waliojua jina asubuhi waliliidhinisha kabla jua halijazama, na hapakuwa na muda wa kumhoji mtu ambaye, kwa yaliyokuwa yametokea wiki mbili tu kabla, hakuna aliyeweza kudai kwamba nafasi yake ni ya heshima tupu. Mwaka 2001, alipofariki Makamu wa Rais Omar Ali Juma, Ali Mohamed Shein naye alipatikana kwa uteuzi na kuthibitishwa na Bunge. Baadaye akawa Rais wa Zanzibar kwa miaka kumi.

Wakenya wameonja uchungu wa mlango huu uliofungwa kwa namna yao. Kwa miongo mingi makamu alikuwa mteule wa Rais, anayewekwa na kuondolewa kwa utashi wake. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilitaka Katiba ibadilishwe ili Daniel arap Moi asishike urais kwa siku 90 endapo Mzee Jomo Kenyatta angefariki. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwanyamazisha kwa kuwakumbusha kuwa kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai. Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 1978, na Moi akatawala miaka 24. Katiba ya 2010 ikampa Naibu wa Rais kura ya wananchi kupitia mgombea mwenza, na wengi waliamini sasa hawezi tena kufukuzwa. Kufukuzwa na Rais, hawezi. Lakini Oktoba 2024 Bunge la Taifa na Seneti vilimwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, na Kithure Kindiki, ambaye hakuwa kwenye karatasi ya 2022, akaapishwa Novemba 1.

Hata hivyo Kenya ilifanya jambo moja ambalo Tanzania haijalifanya. Julai 2022 Gachagua na Martha Karua walisimama jukwaa moja kwenye mdahalo wa wagombea wenza uliorushwa mubashara. Mkenya aliyempigia kura Ruto awe Rais, Gachagua akiwa mgombea mwenza wake, hakuweza kudai kuwa hakumjua aliyesimama pembeni yake. Ni kitu kidogo. Hakihitaji kubadilisha Katiba, wala kura ya maoni.

Tanzania imejaribu kuandika upya suala hili. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilitaka makamu watatu: wa Kwanza akiwa mgombea mwenza, wa Pili akiwa Rais wa Zanzibar, na wa Tatu akiwa Waziri Mkuu. Maana yake, baada ya miaka 20 tu, waandishi walikuwa wamekiri kwamba kumwondoa Rais wa Zanzibar kwenye umakamu mwaka 1994 kuliacha pengo. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika, na rasimu ikabaki kabatini.

Januari 2025 CCM ilimpitisha Rais Samia mapema, na Emmanuel Nchimbi akatajwa mgombea mwenza baada ya Mpango kuomba kupumzika. Kutaja jina miezi tisa kabla ya kura ni afadhali kuliko kulitaja dakika za mwisho, na chama hicho kinastahili kupewa haki yake kwa hilo. Lakini miezi hiyo tisa haikuwa na mpinzani wa kumhoji. Chadema iliondolewa kwenye uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa rumande kwa shtaka la uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa. Uchaguzi wa Oktoba 29 uliishia kwenye maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam na intaneti kuzimwa, na Tume ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66. Katika hali kama hiyo, anayezungumzia haki ya kumpima mgombea mwenza anaweza kuonekana anajali dirisha wakati nyumba haina mlango. Mlango ndio wa kwanza, hakuna ubishi: bila Lissu na Mpina kwenye karatasi, hata jina la kwanza halikupimwa. Ila ndani ya kila uchaguzi ulio huru, jina la pili nalo litabaki palepale likisubiri.

Na mwaka 2030 hauko mbali. Katiba inasema makamu aliyemalizia miaka mitatu au zaidi ya mtangulizi wake anaweza kugombea urais mara moja tu, kwa hiyo Rais Samia hatakuwepo kwenye karatasi hiyo. Vyama vitarudi kugawana nafasi mbili kati ya bara na Zanzibar. Ikiwa mgombea urais atatoka bara, mpiga kura wa Micheweni au Makunduchi atapelekewa kwa mara nyingine Mzanzibari ambaye hakumchagua ndani ya chama chochote, aliyetajwa na mtu mmoja na kushangiliwa na ukumbi mzima. Vyama vinaweza kuanza sasa: watangaze fomu ya mgombea mwenza kama wanavyotangaza ya urais, wajumbe wa Mkutano Mkuu wapewe majina mawili au matatu wachague kwa kura ya siri, na televisheni ya taifa itenge usiku mmoja wa mdahalo kwa wagombea wenza peke yao. Bunge nalo libadilishe kanuni zake ili jina la makamu linapoletwa katikati ya muhula, kati ya kufunguliwa kwa bahasha na kupigwa kwa kura kuwe na siku za kutosha, mhusika aketi mbele ya kamati, aulizwe kuhusu Muungano, kuhusu mali zake, na kuhusu nchi atakayoiongoza endapo asubuhi moja ataitwa kula kiapo kingine.